Mizani ya 1941: Historia ya Utoaji wa Alama katika Mtihani wa SAT wa Marekani

Makala haya yanahusu mtihani wa SAT, ambao vyuo vikuu vya Marekani vimeutumia kwa miongo mingi kuchagua wanafunzi, wakiwemo waombaji kutoka Afrika Mashariki. Kila moja ya sehemu zake kuu mbili huanzia alama 200 na kuishia 800. Msomaji aliyezoea mitihani yetu ana haki ya kuuliza kwa nini aliyekosa kila swali apewe 200. Hata hivyo, mizani zetu nazo humshangaza mgeni: mtahiniwa bora wa kidato cha nne nchini Tanzania hupata pointi 7, ilhali mwenzake wa Kenya hupata 84.

SAT ilifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926, na watahiniwa wapatao 8,000. Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton ndiye aliyeongoza utungaji wake. Idadi ya majibu sahihi, yaani alama ghafi, iligeuzwa ili wastani wa kundi uwe 500 na mkengeuko sanifu uwe 100. Hivyo 500 ilimaanisha tu kwamba mtahiniwa alisimama katikati ya wenzake wa siku ile. Wenzake wakiwa hodari, alishuka. Wakiwa dhaifu, alipanda, ingawa maarifa yake yalikuwa yaleyale.

Tatizo hilo lilitatuliwa mwaka 1941. Watahiniwa zaidi ya 10,000 wa Aprili mwaka huo walifanywa kuwa kipimo cha kudumu cha sehemu ya lugha, na hisabati ikafungamanishwa nao mwaka uliofuata. Mitihani ya baadaye ilisawazishwa kwa kurudia baadhi ya maswali ya zamani. Kundi jipya likiyajibu maswali hayo sawa na kundi la awali, lakini likapata machache zaidi katika maswali mapya, ilibainika kuwa mtihani mpya ni mgumu zaidi. Basi majibu machache yalitosha kufikia alama ileile. Ndiyo maana hadi leo kosa moja katika toleo jepesi huweza kugharimu alama nyingi kuliko kosa moja katika toleo gumu.

Kitaalamu, ufumbuzi huo ulikuwa mzuri. Kihistoria, unazua swali zito: vijana wale walikuwa akina nani? Wengi walitoka majimbo ya kaskazini-mashariki, na sehemu kubwa yao ilisoma shule za binafsi. Brigham mwenyewe alikuwa amechapisha mwaka 1923 kitabu kilichopanga watu kwa akili kulingana na asili zao, kisha mwaka 1930 akakiri kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Kukiri huko hakukubadilisha ukweli kwamba mamilioni waliofuata walipimwa kwa kundi dogo la waliobahatika.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990, wastani wa sehemu ya lugha ulikuwa karibu 420. Wapo waliolia kwamba elimu imeporomoka. Kwa maoni yangu walisahau kwamba mlango ulikuwa umefunguliwa kwa wengi ambao mwaka 1941 wasingeukaribia. Mwaka 1995 wastani ulirejeshwa 500, kwa kutumia kundi la 1990; aliyekuwa na 730 ya lugha katika mizani ya zamani akahesabiwa kuwa na 800 katika mpya. Wakosoaji walidai rula imerefushwa ili watoto waonekane warefu.

Kanuni nyingine iliondolewa mwaka 2016: adhabu ya robo alama kwa kila jibu lisilo sahihi kati ya chaguo 5. Hesabu yake ilikuwa rahisi, kwani anayebahatisha maswali 5 hutarajiwa kupata 1 na kukosa 4, akabaki na sifuri. Tangu 2024 mtihani hufanywa kwa kompyuta pekee, na ugumu wa nusu ya pili ya kila sehemu hutegemea majibu ya nusu ya kwanza. Wawili waliopata idadi ileile ya majibu sahihi sasa wanaweza kutoka ukumbini na alama tofauti.