Bwana Msa na Watu Wake: Usawiri wa Wahusika na Jamaa ya Waandishi Unguja, 1948–1984

Ikisiri

Wahakiki wengi humweleza Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, kwa asili mbili: kipaji cha mwandishi na kielelezo cha Sherlock Holmes. Makala haya yanatetea asili ya tatu, yaani jamaa ya magazeti na mazungumzo iliyomlea mwandishi huyo Unguja. Hoja kuu ni kwamba mhusika hai hukomaa pale mwandishi anapoandika mbele ya watu wa karibu, wenye haki ya kumjibu.

1. Utangulizi

Mnamo 1960 East African Literature Bureau ilichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, kazi iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957–58. Katika riwaya hiyo maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni. Wenyeji wanaona kazi ya mizimu. Bwana Msa, kiko mkononi, anaona kazi ya binadamu. Kutoka hapo mpelelezi huyo aliendelea kuishi katika mfululizo wa riwaya hadi Kosa la Bwana Msa ya 1984.

Swali la makala haya ni la kihistoria: mhusika wa namna hii aliwezekanaje Unguja, na kwa nini wakati ule? Jibu la kwamba aliazimwa Uingereza lina ukweli ndani yake. Kiko kinajulikana kilikotoka, na Najum, sahibu wa Bwana Msa, anashika nafasi ya Dakta Watson. Lakini jibu hilo linaeleza umbo la mhusika bila kueleza uhai wake. Kielelezo huweza kuazimwa, ulimi hauazimwi.

2. Wahusika kabla ya Bwana Msa

Nathari iliyotangulia ilikuwa na mikondo miwili mikuu. Mkondo wa kwanza ulikuwa wa tafsiri zilizosimamiwa na watumishi wa serikali ya kikoloni. Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zote za 1929, ziliwapa wasomaji visa vya kusisimua vilivyobebwa na watu wa mbali. Mkondo wa pili ulikuwa wa Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951) Karama anashitakiwa na Majivuno. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu wa Adili ni Hasidi na Mwivu. Jina likishatajwa, msomaji amekwisha kupewa hukumu. Huo si udhaifu wa fani: ni usawiri wa kifumbo unaotaka msomaji apime maadili, wala haumtaki ashuku watu.

Hadithi ya upelelezi haiwezi kuvumilia majina ya aina hiyo, kwa sababu mwuaji akiitwa Hasidi kisa kimekwisha. Kila mtu lazima aonekane kama jirani, na tabia yake ijitokeze katika namna anavyosalimu, anavyokwepa swali, anavyoapa. Mabadiliko haya ya usawiri yalihitaji mwandishi aliyezoea kusikiliza watu wengi na kutowaamini upesi.

3. Miaka kumi ya magazeti

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Ukaguzi wa afya humwingiza mtu katika nyua za watu na kumfundisha kutazama kile ambacho mwenye nyumba hakukusudia kionekane. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika muongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Mwaka 1958 alianza kuhariri Mkulima, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Orodha hii hutajwa upesi katika wasifu wake, kisha ikaachwa. Inastahili kutazamwa tena. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilisemea upande wa Waafrika. Mtu aliyefanya kazi katika yote mawili, katika kisiwa kilichokuwa kikielekea kwenye mgawanyiko mkali wa kisiasa, alijifunza kwamba tukio moja lina wasimulizi wengi, na kwamba kila msimulizi ana sababu ya kusema asemavyo. Hiyo ndiyo mantiki ya riwaya zake. Bwana Msa hashindi kwa nguvu wala kwa silaha. Hushinda kwa kupambanisha maelezo ya watu mpaka uongo ujifichue wenyewe.

Gazeti la mji mdogo lilikuwa pia na hukumu ya papo kwa hapo. Mhariri alikutana njiani na wasomaji wake, na makala iliyosomwa asubuhi ilizungumzwa barazani jioni. Baraza la Kiunguja lina kanuni moja: asemaye hujibiwa. Katika mazingira hayo mazungumzo ya kubuni yasiyofanana na ya watu hayapiti. Ndiyo maana wahusika wa Abdulla wanatambulika kwanza kwa sauti. Hutaniana, hupigana mafumbo, huzungusha maneno kabla ya kufika kwenye shina. Hata ufumbuzi wa kesi hupangwa kibaraza: wanaohusika huketi, Bwana Msa hueleza, nao huuliza. Najum, kwa kutoelewa kwake, anashika nafasi ya msikilizaji anayedai kufafanuliwa.

Jina lenyewe la mpelelezi linadokeza ukaribu huo. Herufi tatu za Msa ni herufi za mwanzo za Muhammed Said Abdulla. Ni mzaha unaomfurahisha zaidi anayemjua mwandishi. Kufikia 1984 uhusiano huo ulikuwa umekomaa kiasi kwamba kichwa cha riwaya kiliweza kutangaza kosa la Bwana Msa. Kosa hilo lina uzito kwa msomaji aliyekwisha kumzoea kama mtu asiyekosea.

4. Baada ya 1964

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliufunga ulimwengu wa magazeti yale yaliyoshindana. Hata hivyo, usawiri uliokomaa ndani yake haukupotea. Mohamed Suleiman Mohamed katika Kiu (1972), Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), na Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) waliachana na upelelezi, lakini walibaki na sharti lake: mtu ajulikane kwa kauli na mwenendo. Kijakazi wa Adam Shafi ni mfano mzuri. Jina lake ni la kifumbo kama majina ya Shaaban Robert, lakini utii wake kwa bwana anayemdhulumu unamfanya awe mgumu kuhukumiwa kwa neno moja. Maimuna wa Utengano, anayefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, naye anabadilika mbele ya msomaji kwa namna ambayo hakuna jina lingeweza kuitabiri.

5. Hitimisho

Mashindano ya 1957–58 yalimtangaza Abdulla, hayakumuumba. Alipoyaingia alikuwa na miaka kumi ya ukaguzi na karibu miaka kumi ya uhariri nyuma yake, mbele ya wasomaji waliomjua kwa sura. Jambo hili lina maana kwa wakati huu, ambapo Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoitwa awali Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere zimefufua hamasa ya uandishi wa Kiswahili. Tuzo hupokea mswada uliokwisha kuandikwa. Watu wa kuusikiliza ukiwa bado mbichi, na kumwambia mwandishi kwamba mtu wake hasemi hivyo, hawatoki katika tuzo. Historia ya fasihi inayohesabu waandishi na vitabu peke yake itaendelea kuwasahau watu hao, ilhali wao ndio waliokuwa wasikilizaji wa kwanza wa Bwana Msa.