Gemu Moja, Mikono Mia

PlayStation 2 iliingia sokoni mwaka wa 2000. Kwa hesabu za Sony, ziliuzwa mashine zaidi ya milioni 150 na gemu zaidi ya bilioni 1.5. Ukigawanya, kila mwenye mashine alinunua gemu kama 10 hivi. Sawa. Sasa ilete hesabu hiyo Kegonga uone inavyokwama.

Katika masoko kama haya ya Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, PlayStation haikuja kama kitu cha sebuleni. Ilikuja kama biashara. Mtu mmoja ananunua mashine, TV ya mtumba, padi mbili na benchi. Wewe unatoa ashu au mbao, unacheza mechi moja. Ukifungwa unampisha mwenzako. Mwenye mashine ni mmoja, wachezaji ni mtaa mzima. Na CD yenyewe mara nyingi ilikuwa kopi, mashine imewekewa chipu ili iisome. Kwenye vitabu vya Sony, mauzo ya kibanda hicho ni sufuri.

PS4 ilipokuja mwaka wa 2013, kopi zikawa ngumu kupata. Wasee wakazoea kubadilishana CD orijino: ukimaliza gemu unaiuza, unaongeza kidogo, unachukua nyingine. CD iliyouzwa dukani mara moja ilipita mikono kumi. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza masharti ya kubana uuzaji na uazimishaji wa gemu za Xbox One. Wachezaji walipiga kelele, na kampuni ikarudi nyuma kabla mashine haijatoka.

Lakini CD ilikuwa tayari inapoteza nafasi. Katika mwaka wa fedha wa 2018, asilimia 37 ya gemu kamili za PlayStation zilinunuliwa kidijitali. Kufikia ule wa 2023, ilikuwa asilimia 70.

Hapo tena Mkenya hayupo. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network. Mei 2024 dunia iliona uzito wa orodha hiyo, Helldivers 2 ilipoondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Kwa hivyo mchezaji wa hapa anafungua akaunti ya Marekani au Uingereza, anatafuta kadi ya zawadi, analipa kwa M-Pesa. Pesa zimetoka Kuria, lakini mauzo yanaandikwa ng'ambo. Enzi ya kopi hakuhesabiwa kabisa. Sasa anahesabiwa kwa jina la nchi nyingine.

Tena anachonunua ni ruhusa tu ya kucheza. Tangu Januari 2025, sheria ya California inawataka wauzaji waseme hivyo wazi.

Zamani mwenye kibanda akifunga biashara, aliweza kuuza mashine pamoja na rundo lake la CD, na mwingine akaanza nazo soko la pili. Mwenye akaunti hana rundo la kuuza. Zihesabu gemu zako leo: ni ngapi unaweza kumwazima jirani?