Darubini ya mwezi mwandamo: tuwajibu nini watoto?



Kila Ramadhani inapokaribia, hapa Bujumbura tunasimama jioni ufukweni mwa Tanganyika tukitazama ng'ambo, juu ya milima ya Uvira, kuutafuta mwezi. Milima ile ni mirefu na huuficha mwezi kabla haujatua kweli, ndiyo maana siku hizi hakosekani kijana aliyekuja na darubini. Watoto nao huuliza: nani aliitengeneza? Wengi wetu hujibu haraka: Ibn al-Haytham. Jibu hilo si sahihi. Kwa nini tumpe mwanachuoni sifa isiyo yake, hali yake mwenyewe inatosha?

Tuanze na Ibn Sahl. Karibu mwaka 984, huko Baghdad, aliandika juu ya vyombo vya kuunguza kwa jua. Alitaka kujua kioo kikatwe umbo gani ili miale yote ikutane mahali pamoja, na katika kutafuta akaifikia kanuni ya kupinda kwa mwanga. Ulaya kanuni hiyo imepewa jina la Snell, Mholanzi aliyeipata mwaka 1621. Kazi ya Ibn Sahl ilikuja kujulikana upya kwa utafiti wa Roshdi Rashed, mwaka 1990.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra mwaka 965 na kufia Cairo. Katika Kitab al-Manazir alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Si jicho linalotoa miale, kama wengi walivyodhani. Kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na Kepler alikisoma.

Darubini yenyewe ilijitokeza Uholanzi mwaka 1608, pale Hans Lipperhey, fundi miwani, alipoomba hati ya kuimiliki. Mwaka 1609 Galileo akajitengenezea yake akaielekeza mwezini. Kepler, mwaka 1611, ndiye aliyeeleza darubini ya lenzi mbili zilizobinuka katikati. (Neno letu "darubini" limetoka Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona.)

Sasa inafanyaje kazi? Shikeni kioo cha kukuzia mkabala na dirisha, karatasi nyeupe nyuma yake, mkisogeze taratibu. Mtaona dirisha dogo kwenye karatasi, limepinduka. Kila nukta ya dirisha hutawanya miale, na lenzi huikusanya tena kwenye nukta yake. Iliyotoka juu huishia chini. Hata kile kitone kinachounguza karatasi juani ni picha ya jua lenyewe!

Lenzi ya mbele ya darubini hufanya hivyo hivyo. Ikiwa inakusanya miale umbali wa milimita 1000, picha ya mwezi mzima ina upana wa milimita 9 hivi, inaelea hewani ndani ya bomba. Lenzi ndogo ya jichoni ni kama kile kioo cha bibi cha kusomea: inaturuhusu kuitazama picha hiyo kwa karibu sana. Ikiwa ya milimita 25, gawanya 1000 kwa 25, unapata mara 40. Ukubwa wa lenzi ya mbele, kwa upande wake, unaamua mwanga kiasi gani utaingia.

Kwa hiyo mtoto asishangae. Huku kwetu karibu na Ikweta hilali hulala kama mtumbwi, na katika darubini ya Kepler mtumbwi huo utaonekana umepinduka.

Jambo moja tunawasisitizia wazazi. Kilichomshughulisha Ibn Sahl ni kuunguza, na lenzi haijabadilika. Jua likiwa bado limebaki juu ya mlima, hata kipande chake tu, darubini ikae ndani ya mkoba.