Chama Kilichofutwa Kikarudi: Ushirika wa Kahawa Kilimanjaro

Walowezi wa Kizungu waliokuwa Kilimanjaro hawakupenda kumwona Mchaga akilima kahawa ya arabika. Walisema shamba lake lingeeneza wadudu na magonjwa, lakini waliogopa pia kukosa vibarua. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), kikiongozwa na Joseph Merinyo na kuungwa mkono na mtawala wa wilaya, Charles Dundas. Chama kiliwasaidia wanachama kupambana na wadudu, kiliwauzia kahawa yao na kutetea haki yao ya kuilima.

KNPA kilijua zaidi kutetea kuliko kutunza hesabu. Madeni yalikilemea, mamangi, yaani watawala wa jadi wa Wachaga, walikiona kuwa kinawapunguzia mamlaka, na Merinyo akaondoka uongozini. Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union) kilisajiliwa mwaka 1933 kuchukua nafasi yake. Mkulima alijiunga na chama cha msingi cha kwao, na vyama vya msingi ndivyo vilivyounda chama kikuu. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett.

Hesabu zilinyooka, lakini mkulima hakuwa tena na hiari: kanuni iliyopitishwa na mamangi ilimlazimisha kuuza kupitia KNCU. Bei iliposhuka, wengi waliamini kuwa jasho lao linaliwa Moshi, makao makuu ya chama. Mwaka 1937 watu wenye hasira walivamia majengo ya vyama vya msingi. Serikali ya kikoloni ilitumia nguvu kuwatuliza, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakahamishiwa mbali na kwao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kahawa ilileta neema. KNCU kilijenga hoteli Moshi na kuchangia elimu, na mwaka 1963 mji huohuo ukapata Chuo cha Ushirika.

Kisha, mwaka 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Kazi zao zikagawanywa kati ya vijiji na mamlaka za mazao. Mkulima alibaki na kahawa yake, ila hakuwa na mkutano mkuu wa kumhoji aliyeiuza. Sheria ya 1982 ilifungua tena mlango, na KNCU kikafufuliwa mwaka 1984. Muongo uliofuata soko liliachwa huria na wanunuzi binafsi wakapanda hadi vijijini. KNCU kikatafuta wateja wa biashara ya haki huko Ulaya.

Miaka ya 1930 mkulima alilazimishwa kuuza kupitia chama; mwaka 1976 aliondolewa humo bila ridhaa yake. Mara zote mbili uamuzi ulitoka juu. Kilichowezesha chama kurudi ni mazoea yaliyojengwa kwa miongo zaidi ya minne kwenye vyama vya msingi: kupima kahawa pamoja, kuchagua kamati, kudai hesabu. Viongozi wa jumuiya yoyote wanaotaka idumu waanzie hapo, kwa mwanachama mwenye haki ya kuuliza na kujibiwa.