Safu, Mstari na Jedwali: Historia ya Majedwali ya Java na Kipimo cha Istilahi

Katika kazi ya kuunda istilahi tumezoea kulipima neno kwa asili yake, kwa ufupi wake, kwa uwezo wa mzizi wake kuzaa maneno mengine, na kwa jinsi linavyopokelewa na watumiaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipo kipimo kingine ambacho hatujakipa uzito unaostahili, nacho ni nafasi ambamo neno hilo litasomwa. Mfano wetu tunautoa katika historia ya majedwali na orodha za programu za kompyuta ya mezani zilizoandikwa kwa lugha ya Java.

Tuanze na kisa. Tumewahi kuketi mbele ya jedwali la wafanyakazi katika ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Programu ilikuwa imefasiriwa kwa Kiswahili safi, lakini vichwa viwili vya jedwali vilivyokaa bega kwa bega vilisomeka hivi: "Tarehe ya k..." na "Tarehe ya k...". Cha kwanza kilikuwa tarehe ya kuzaliwa, cha pili tarehe ya kuajiriwa. Karani alitueleza kwamba yeye huzitofautisha kwa kutazama mwaka: ulio wa zamani zaidi ndio wa kuzaliwa. Mfasiri hakuwa amekosea hata neno moja. Ili kuelewa kosa lilitoka wapi, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Lugha ya Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995. Wakati ikiundwa na James Gosling na wenzake iliitwa Oak, yaani mwaloni, na jina la sasa likachukuliwa kutoka kwenye kahawa ya kisiwa cha Java. Toleo lake la kwanza la mwaka 1996 lilikuja na maktaba ya kuchorea madirisha iliyoitwa AWT. Maktaba hiyo haikuchora vitu vyake yenyewe. Kila kitufe na kila kisanduku kiliazimwa kutoka katika mfumo wa kompyuta iliyohusika, na kwa kuwa programu ilitakiwa iende katika mifumo yote, waundaji waliweza kuweka vile tu ambavyo mifumo yote ilikuwa navyo. Orodha ilikuwamo. Jedwali halikuwamo.

Mtu aliyetaka jedwali katika miaka hiyo alilazimika kulifinyanga mwenyewe. Aliweza kupanga vibandiko vya maandishi kwa GridLayout, ambayo huligawa dirisha katika vyumba vilivyo sawa kabisa, hata jina la mtu likapata upana uleule wa umri wake. Au aliweza kutumia GridBagLayout, ambayo huruhusu vyumba vya upana mbalimbali, lakini humdai mwandishi maelezo mengi kwa kila kitu anachokiweka.

Mabadiliko yalikuja na maktaba ya Swing, iliyotangazwa mwaka 1997 na kuingizwa rasmi katika toleo la Java la Desemba 1998. Swing ilichora vitu vyake yenyewe, hivyo haikufungwa tena na umaskini wa mfumo wowote. Humo ndimo lilimozaliwa jedwali liitwalo JTable, pamoja na orodha mpya iitwayo JList. Wazo lililoviongoza vyote viwili lilikuwa la zamani zaidi: mwishoni mwa miaka ya 1970, Trygve Reenskaug wa Norway, alipokuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, alipendekeza kwamba habari zenyewe zitengwe na sura inayoonekana kiooni. Katika JTable habari hukaa mahali pake, na jedwali huziuliza tu: chumba hiki kina nini? Kisha kibandiko kimoja hupitishwa chumba hadi chumba, kikichora na kuhama, kama muhuri mmoja unavyogongwa kwenye barua nyingi. Ndiyo maana jedwali lenye mistari elfu mia halihitaji vibandiko elfu mia.

Sasa tuje kwenye upana, ambako ndiko kwenye jambo letu. Kioo cha kompyuta hupimwa kwa nukta. Jedwali la JTable, lisipoelekezwa vingine, huipa kila safu upana wa kuanzia wa nukta 75. Kisha hujitanua au kujibana lienee katika dirisha lake, na msomaji akiivuta safu moja kuipanua, safu zinazofuata ndizo zinazopunguzwa kufidia. Zipo njia nyingine nne za kugawana nafasi hiyo, mojawapo ikiwa ni kutofidia kabisa na kuliacha jedwali lipite ukingo wa dirisha, lakini waandishi wengi huiacha ile waliyoikuta. Maandishi yasipotosha katika chumba, kibandiko hukata mwisho wake na kuweka nukta tatu.

Orodha nayo ina mtego wake. JList hupima kila kilichomo ili ijue upana unaoitosha. Orodha ikiwa ndefu sana upimaji huo huchukua muda, kwa hiyo mwandishi aliruhusiwa kuipa neno moja la mfano, nayo ikachukua upana wa neno hilo kuwa upana wa yote. Utaratibu huo ni mzuri, ila neno la mfano huandikwa ndani ya programu, na aghalabu huwa la lugha ya mwandishi. Wengine wakiifasiri orodha, kipimo hubaki cha lugha ya awali.

Hapa muundo wa Kiswahili unakutana na nukta tatu. Katika lugha yetu nomino hutangulia, na kinachoifafanua hufuata: jina la kwanza, jina la baba, jina la ukoo. Kinachotofautisha kimekaa mkiani. Katika Kiingereza mpangilio ni kinyume, hivyo mkato humeza nomino ambayo msomaji angeweza kuikisia, na kumwachia neno linalotofautisha. Mkato uleule, ukifanywa na mashine ileile, humwachia Mswahili "Jina la..." mara tatu. Waundaji wa Swing hawakutukusudia ubaya. Walipima kwa lugha waliyokuwa nayo.

Mtu atauliza kama jambo hili linaihusu istilahi au linawahusu mafundi tu. Tunajibu kwamba linaihusu sana, na neno linalotuthibitishia ni lile la jedwali lenyewe. Jedwali lina mielekeo miwili, ule unaolala na ule unaosimama. Kiswahili kina neno "safu", lenye asili ya Kiarabu, nalo limeelekea kote kuwili. Waumini wanaposimama safu msikitini, safu hiyo imelala kutoka ukuta hadi ukuta. Msomaji wa gazeti anapofungua safu ya mwandishi ampendaye, macho yake yanashuka kutoka juu kwenda chini. Programu kadhaa zilizofasiriwa zimelitatua tatizo hili kwa kusema "safu mlalo" na "safu wima". Maana imenyooka, hatubishi. Lakini mzigo wote wa maana umewekwa katika neno la pili. Andika "Idadi ya safu mlalo" na "Idadi ya safu wima" juu ya safu mbili nyembamba, nawe umerudi kwa yule karani.

Hasara ni kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa Java, maana lugha hiyo yenyewe haina mwenendo mmoja. Anayetaka kujua kilichomo katika chumba cha JTable hutaja kwanza mwelekeo unaolala, kisha unaosimama. GridLayout nayo hufuata utaratibu huo. Kumbe GridBagLayout hutanguliza nafasi ya kwenda kulia, kisha ya kushuka. Hata VisiCalc, jedwali la hesabu lililotolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston, lilitanguliza herufi ya safu mbele ya namba ya mstari, na majedwali ya hesabu yamefuata desturi hiyo hadi leo. Mwanafunzi aliyeambiwa "safu ya 3" bila nyongeza amebaki njia panda kabla hajaandika lolote.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza "mstari" kwa kilicholala na "safu" kwa kilichosimama. Tunajua pingamizi. La kwanza ni lile la safu za msikitini, nalo ni la haki. Ila magazeti yamekwisha kumzoeza msomaji safu inayoshuka, na jedwali ni jamaa wa karatasi kuliko wa mkusanyiko wa watu. La pili lina nguvu zaidi: jedwali lina pia mistari iliyochorwa kutenga vyumba, na JTable ina amri za kuionyesha na kuificha. Hiyo tungeiita "mipaka". Mipaka hutajwa mara chache, mistari ya habari hutajwa kila dakika. Si busara kulitoa neno jepesi kwa kitu kisichotajwa.

Tangu toleo la mwaka 1997 Java imewezesha maneno yote ya programu kuwekwa katika faili la pembeni, ili mfasiri ayabadili bila kuigusa programu. Ofisi ya kompyuta kwa Kiswahili si ndoto pia: Jambo OpenOffice ilitolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Java 9 ya mwaka 2017 nayo ilianza kutumia kama chanzo chake cha kawaida hazina ya kimataifa iitwayo CLDR, ambamo majina ya miezi na siku za Kiswahili yamo. Maktaba mpya ya JavaFX ilileta jedwali na orodha zake mwaka 2011, na bado hukata mkia vilevile.

Kamati inapoliidhinisha neno la kutumika kiooni, basi, tunashauri liandikwe kwanza katika safu ya nukta 75, pembeni pa neno linaloweza kuchanganywa nalo, na wajumbe walisome hapo. Jedwali la yule karani lilitibiwa kwa njia hiyohiyo. Vyumba vyenyewe vilionyesha kwamba vina tarehe, hivyo "tarehe ya" iliondolewa katika faili la maneno, vikabaki vichwa viwili, "Kuzaliwa" na "Kuajiriwa", navyo vilitosha bila nukta hata moja.