Tufani ya Mwaka wa 1872, na Wale Waliongoja Habari

Katika masika ya mwaka wa 2024, sisi watu wa mlimani tulikuwa tumekaa ndani tukisikiliza mvua juu ya migomba, ndipo redio ilipotangaza kwamba tufani iitwayo Hidaya yaja kutoka Bahari ya Hindi kuelekea pwani yetu ya kusini. Mdogo wangu ni mwalimu upande wa Kilwa. Jumamosi, tarehe 4 Mei, tufani ilifika Mafia. Tulimpigia simu siku hiyo asipatikane, na siku ya pili vivyo hivyo. Sokoni watu walikuwa wakisema, "Mafia imezama", na wengine, "Kilwa haikusimama nyumba hata moja." Mama alipoyasikia hayo akaacha kula.

Siku ya tatu neno likaja: mdogo wangu yu hai, paa la jiko lake limechukuliwa na upepo, na barabara ya kwenda Dar es Salaam imekatwa na maji. Kumbe tufani ilikuwa imepungua nguvu ilipogusa nchi kavu. Mama akamshukuru Mungu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na watu wa zamani, wasio na simu wala redio, walifanyaje?" Sikuwa na jibu. Basi nimetafuta katika habari za kale, na niliyoyapata ndiyo haya.

Tufani kubwa kupita zote zinazokumbukwa pwani yetu ilipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, siku za Seyyid Barghash bin Said, aliyeshika ufalme mwaka wa 1870. Hata siku ile watu wa Unguja walijiona salama, kwa kuwa tufani za Bahari ya Hindi kwa desturi hushika njia ya Bukini na Msumbiji. Sababu yake ni hii: upepo wa tufani huzungushwa na mzunguko wa dunia yenyewe, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na mstari wa ikweta. Unguja iko digrii 6 tu kusini ya mstari huo. Kwa hiyo tufani haifiki huko ila mara chache sana. Lakini jambo la mara chache si jambo lisilokuwapo.

Upepo ulivuma kwa nguvu, ukatulia kitambo, watu wakadhani yamekwisha. Kisha ukageuka ukavuma kutoka upande mwingine, nao uliosalimika mara ya kwanza ukaangushwa mara ya pili. Kile kituo cha katikati ndicho wataalamu wakiitacho jicho la tufani. Merikebu za Seyyid na majahazi ya wafanya biashara yalitupwa pwani yakavunjika. Mikarafuu ya Unguja, yapata theluthi mbili, iling'olewa, na minazi isiyo na idadi pamoja nayo. Pemba haikudhurika sana, na tangu hapo ndiyo ikawa nchi ya karafuu kuliko Unguja. Nasi wakulima wa kahawa twafahamu maana ya mti kuanguka: mkarafuu hungojewa miaka kama 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na deni halingoji.

Sasa tutazame wale waliokuwa mbali. Siku ile ile ya tufani, msafara wa Bwana Stanley ulikuwa njiani kurudi pwani, baada ya kumwona Daktari Livingstone huko Ujiji. Wengi wa watu wake walikuwa Waungwana wa Unguja, na mkuu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Walitoka Bagamoyo mwanzo wa mwaka wa 1871; hivyo walikuwa wameacha wake zao na watoto wao zaidi ya mwaka mzima. Masika yale waliyapita kwa taabu kubwa, wakivuka mabonde yaliyojaa maji. Walipofika Simbamwenni, mahali ulipo sasa mji wa Morogoro, waliona mto umefurika na kubomoa ukuta wa mji.

Walipokaribia pwani, habari ikawapokea njiani: Unguja hakuna nyumba wala chombo kilichopona, na Bagamoyo imeharibiwa vile vile. Bwana Stanley hakuisadiki yote, naye kwa sehemu alikuwa na haki, maana mji ulikuwa umesimama ijapokuwa umejeruhiwa vibaya. Lakini yeye hakuwa na mama wala mtoto Unguja. Mpagazi mwenye watoto wake kule angewezaje kupima kama habari imezidishwa? Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Hakuwa na jingine ila kujitwika mzigo wake na kwenda. Tarehe 6 Mei waliingia Bagamoyo, majuma matatu baada ya tufani, na siku iliyofuata wakavuka kwenda Unguja kuona kwa macho yao. Waya wa simu wa chini ya bahari haukufika Unguja mpaka mwaka wa 1879. Basi, mama, jibu la swali lako ndilo hili: watu wa zamani walikuwa na miguu yao tu.

Hata hivyo, wapagazi wale hawakuwa watu wa kuhurumiwa kupita wote. Katika mashamba ya karafuu walikuwamo watumwa maelfu, waliochukuliwa kutoka nchi za Nyasa na za Wayao na kwingineko bara. Nao walipigwa na upepo ule ule, na miti iliwaangukia wao pia. Mama zao walikuwa hai bado, baadhi yao, huko mbali. Lakini hakuna msafara uliowapelekea habari, wala hawakujua hata kisiwa walichopelekwa watoto wao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Juni 1873. Mimi nilipofika hapo katika kusoma, nilikumbuka siku zetu tatu za kungoja, nikaona haya. Sisi tulikuwa na jina la mtu, na mahali alipo, na njia ya kumwuliza. Hofu yetu ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na mwisho. Hofu ya mama wale haikuwa na mwisho.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi wa Kilema. Bagamoyo walikuwapo Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misioni yao mwaka wa 1868 chini ya Padre Horner, na kuwalea watoto waliokombolewa katika utumwa. Tufani ile iliyaangusha majengo yao karibu yote. Wangaliweza kuondoka. Hawakuondoka; walijenga upya. Nao ni wa shirika hilo hilo waliopanda mlima wetu mwaka wa 1890, yaani Askofu de Courmont, na Padre Le Roy, na Padre Gommenginger, wakapokelewa na Mangi Fumba. Kama wale wa Bagamoyo wangalikata tamaa mwaka wa 1872, sijui nani angalinifundisha babu yangu kusoma.

Tufani nyingine ilipiga Lindi mwezi wa Aprili 1952, kisha ikaja hii ya Hidaya. Basi haifai kusema kwamba mambo haya ni ya watu wa ng'ambo. Vijana wetu wametawanyika pwani yote, wako Lindi, Mtwara, Tanga na visiwani, na masika hurudi kila mwaka.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, habari ya sokoni usiibebe mpaka nyumbani kwa mama wa mtu kabla hujaijua kweli yake. Pili, andika katika daftari la nyumbani jina na mahali pa kila jamaa aliye mbali, pamoja na jina la jirani yake, ili siku ya shida pawe na wa kuulizwa. Tatu, ukisha kupata habari njema ya mtu wako, usinyamaze hapo. Uliza habari za yule asiye na wa kumwulizia. Mama yangu alifanya hivyo. Alipokwisha kula siku ile ya tatu, alimwambia mdogo wangu kwa simu, "Na yule mzee wa jirani yako, asiye na watoto, amelala wapi?"