Mashine ya kuchomea CD na DVD kwa laptopu: nunua ya kwako, na ununue inayofanya kazi

Laptopu zinazouzwa leo karibu zote hazina kile kimlango cha kutilia CD. Apple ilipotoa MacBook Air bila ya kimlango hicho mwaka 2008, watu walishangaa. Kampuni nyengine zikafuata moja moja, na sasa anayeshangaa ni yule anayekikuta.

Lakini huku kwetu diski zenyewe bado zimejaa makabatini. Harusi za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziko kwenye DVD. Kaseti za Juma Bhalo na Zein l'Abdin ambazo mtu alizihamishia kwenye CD zisije zikapotea, nazo zimo humo humo, pamoja na sauti za wazee ambao hatunao tena. Mtu hununua laptopu mpya akajikuta ameshika kumbukumbu ya ukoo mzima mkononi na hana pa kuitia.

Wengi hupeleka diski saiba ya mtaani, kijana akawahamishia kwenye flashi. Kwa nyimbo, hakuna neno. Kwa video ya kupamba mimi sikubali hata kidogo. Usiku ule ni wa wanawake peke yao, na nyumba nyengine hata simu haziruhusiwi kuingia. Kisha miaka kumi baadaye diski ile ile apewe mtu tusiyemjua, aifungue kwenye kompyuta yake, na nakala ibaki humo? Nani atahakikisha kwamba imefutwa? Ndiyo maana nasema mashine hii ni kitu cha kuwekwa nyumbani, na ndugu na majirani waazimane. Si kitu cha gharama kubwa ukilinganisha na laptopu yenyewe. Shida ni kwamba sokoni nzuri na mbovu zimechanganyika, na kwa nje zote zinafanana.

Zipo za namna mbili. Nyembamba hupata umeme kutoka kwa laptopu kupitia waya wa USB, na kwa kawaida huchoma DVD kwa kasi ya 8x. Kubwa, nzito kama tofali, huwa na adapta yake ya kuchomeka ukutani na hufikia 16x. Mafundi hupenda ile kubwa kwa kuwa haiyumbi. Mimi kwa matumizi ya nyumbani napendelea nyembamba, na sababu ni stima. Ikikatika katikati ya kazi, laptopu ina betri na mashine nyembamba inaendelea. Ile kubwa inazima, na diski iliyokuwa ndani ni ya kutupwa.

Hapo kwenye umeme ndipo pa kutazama sana. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Kusoma diski hakuhitaji nguvu nyingi. Kuchoma ndiko kunakotaka nguvu, kwa sababu leza hupandishwa na mota nayo inazungusha kwa kasi. Umeme ukipungua, mashine hulia tik tik, hupotea kwenye laptopu na kutokea tena, au kazi hukwama katikati. Mtu hulaumu diski, akatia nyengine, nayo ikaharibika vile vile. Kwa hiyo tafuta mashine yenye waya wa vichwa viwili, kimoja cha data na chengine cha kuongezea umeme, au yenye kitundu cha pembeni cha kutilia adapta. Waya uwe mfupi. Ichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, usipitishie kile kigawanyaji cha matundu manne kisichokuwa na umeme wake. Laptopu yako ikiwa ina matundu ya USB-C pekee, hakikisha dukani kwamba waya wa kulingana nayo umo ndani ya boksi.

Jambo la pili ni kilichomo ndani ya kasha. Mashine nyingi zisizo na jina la maana ni kasha jipya lililotiwa moyo wa zamani, uliong'olewa kwenye laptopu iliyokwisha kufa. Nimewahi kufungua moja iliyouzwa kama mpya, nikakuta lenzi ina vumbi la miaka. Huna haja ya kubeba bisibisi dukani. Ichomeke kwenye laptopu ya Windows, fungua Device Manager, na usome jina linalotokea. HL-DT-ST ni Hitachi-LG, MATSHITA ni Panasonic, PLDS ni Philips na Lite-On. Boksi likisema jina moja na laptopu ikasema jengine, muulize muuzaji kwa nini. Kuna kampuni halali zinazouza mashine zilizoundwa na wengine, na hilo si kosa. Ila muuzaji anayejua kazi yake atakuwa na jawabu.

Nenda dukani na diski tatu: CD ya asili ya kiwandani, DVD ya zamani iliyochomwa nyumbani, na DVD tupu. Mashine ikisoma ya kiwandani pekee, bado hujajua kitu, maana hiyo husomwa hata na leza iliyochoka. Ile ya zamani ndiyo mtihani. Kisha mwombe muuzaji achome ile tupu mbele yako, na aiwekee programu alama ya kuhakiki baada ya kuchoma. DVD iliyojaa, yenye GB 4.7, huchukua kama dakika 15 kwa kasi ya 4x. Muuzaji asiyetaka kungoja dakika hizo, shukuru na uende duka la pili.

Blu-ray sikushauri, isipokuwa kama unazo diski zake tayari. Mashine zake ni ghali zaidi, na Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia mwezi wa Februari 2025. Alama ya M-DISC, kwa upande mwengine, ina faida. Hizo ni diski ambazo tabaka lake la kuandikia si rangi ya kawaida inayofifia, na leza ya kuziandikia inatakiwa iwe na nguvu zaidi, ndiyo sababu mashine huwekewa alama. DVD ya namna hiyo ikishaandikwa husomwa na mashine za kawaida. Watengenezaji walidai zitadumu miaka 1,000, na hilo hatutakuwepo kuwauliza, lakini kwa diski ya kuwekea sauti ya bibi ningeichagua hiyo.

Programu hazina taabu. VLC ni ya bure na inacheza DVD ambazo Windows ya sasa haichezi yenyewe. Kwa kuhamisha video ya harusi, fungua diski na unakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye laptopu. Kwa kuchoma, ImgBurn ni ya zamani, toleo lake la mwisho ni la mwaka 2013, na bado inafanya kazi. Ukitengeneza DVD ya kuchezwa kwenye televisheni ya mzee, hakikisha diski imefungwa mwishoni mwa kazi, bila hivyo deki yake haitaisoma. Na usichome kwa kasi ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye diski. Kwa diski za 16x mimi huchagua 4x au 8x. Zile za RW, za kufutika, ni za kuchezea tu.

Walio na jamaa Ghuba wajue jambo moja. Filamu za asili kwenye DVD zimegawanywa kwa kanda: Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5, nchi za Ghuba ni kanda ya 2. Ukitia DVD ya Dubai, mashine itakuuliza kama ubadilishe kanda, na itakuruhusu mara tano tu. Baada ya hapo inabaki kwenye kanda ya mwisho. Usibonyeze ndiyo ovyo. Diski za harusi hazihusiki na habari hii.

Diski ya zamani ikikataa, usiipanguse kwa mviringo. Tumia kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Mikwaruzo ya chini mara nyingi huvumilika. Kwenye CD hatari iko juu, upande wa maandishi, kwa kuwa tabaka la data liko chini ya rangi hiyo tu, na likibanduka hakuna fundi wa kulirudisha. DVD ina afadhali, data yake imebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki. Ikiwa mashine moja imeshindwa, ijaribu kwenye nyengine kabla ya kukata tamaa. Leza hazilingani, na nimeona diski iliyokataliwa mara mbili ikasomwa yote kwenye kompyuta ya zamani ya mezani.

Unyevu wetu wa pwani ni adui wa diski na wa mashine. Diski zisimamishwe wima kwenye vikasha vyake, zisibandikwe karatasi, na ziandikwe kwa kalamu laini ya maji. Mashine ifunikwe, lenzi isipate vumbi na chumvi. Kabati linalopakana na ukuta wa bafu halifai. Ukishahamisha, weka nakala moja kwenye diski, moja kwenye flashi au diski ngumu ya nje, na moja wapo ikae nyumba nyengine, kwa dada au kwa mama mdogo.